Msamaha wa Mikopo ya Wanafunzi Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara habari za mikopo ya wanafunzi wa Marekani zinapotangazwa, kwa wanaozifuatilia wakiwa Nairobi au Dar es Salaam na kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko huko na kulipa madeni hayo. Majibu yanahusu mikopo ya serikali kuu ya Marekani, isipokuwa pale inapotajwa wazi mikopo ya benki. Penye haja ya maelezo zaidi, msomaji ataelekezwa kwenye swali lenye maelezo hayo.

## Misingi

1. Deni lenyewe ni kiasi gani, na mdai ni nani?

Deni linakaribia dola trilioni 1.6, nalo limegawanyika kwa wadaiwa takriban milioni 43. Mdai ni Wizara ya Elimu ya serikali kuu. Kampuni ambazo majina yake huonekana kwenye barua za madai, kama vile MOHELA na Nelnet, hulipwa ada ili kukusanya marejesho na kujibu simu za wakopaji. Fedha si zao.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa miongo kadhaa benki ndizo zilizokopesha na serikali ikazidhamini, mpaka sheria ya mwaka 2010 ilipoufunga mlango huo na kuifanya serikali mkopeshaji wa moja kwa moja. Jambo hili lina uzito katika mjadala, kwa sababu deni la serikali likifutwa hasara huangukia hazina ya umma, wala si benki fulani. Mikopo ya benki bado ipo, lakini ni chini ya sehemu moja ya kumi ya deni lote, na karibu yote yanayosemwa kuhusu msamaha hayaigusi.

2. Mikopo hii ilianza lini na kwa kusudi gani?

Ilianza mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya Wasovieti kurusha Sputnik, Bunge la Marekani lilipohofia kuachwa nyuma katika sayansi. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Elimu ya Juu katika chuo alichosoma mwenyewe huko San Marcos, Texas, na sheria hiyo ndiyo msingi wa mfumo wa leo. Wazo lilikuwa kwamba mtoto wa maskini asikose chuo kwa kukosa ada. Wakati huo ada za vyuo vya umma zilikuwa ndogo, na mkopo ulikusudiwa kuziba pengo tu. Ada zilipopanda na bajeti za majimbo kwa vyuo kupungua, hasa baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, pengo lile likageuka kuwa gharama yenyewe.

3. Watu wanaposema "msamaha", wanamaanisha nini hasa?

Wanamaanisha mambo mawili yaliyo mbali sana, na sehemu kubwa ya ubishi hutokana na kuyachanganya. La kwanza ni kufutwa kwa deni kulikokwisha kuandikwa katika sheria na kanuni: mtumishi wa umma akilipa kwa miaka kumi, mkopaji wa kipato kidogo akilipa kwa miaka 20 au 25, mlemavu asiyeweza tena kufanya kazi, au mwanafunzi aliyelaghaiwa na chuo. Hawa hawaombi hisani. Wanadai utekelezaji wa masharti waliyokopea.

La pili ni kufuta deni kwa mkupuo kwa mamilioni ya watu kwa uamuzi wa kisiasa, kama alivyojaribu Rais Joe Biden mwaka 2022. Mtu anaweza kuunga mkono la kwanza na kupinga la pili bila kujipinga. Mwandishi wa majibu haya anaona kwamba hoja ya kwanza ni ngumu sana kuipinga, na kwamba ya pili ina maswali ambayo waliounga mkono hawakuyajibu vya kutosha; mengine yako katika swali la 8 na la 10.

4. Mpango wa watumishi wa umma hufanyaje kazi, na kwa nini ulipata sifa mbaya?

Uliundwa na sheria ya mwaka 2007 iliyotiwa saini na Rais George W. Bush. Mwalimu, muuguzi wa hospitali ya umma, polisi, au mfanyakazi wa shirika lisilo la faida akifanya malipo 120 yanayokubalika, yaani miaka kumi ya kulipa kila mwezi, salio lake hufutwa, na halitozwi kodi ya serikali kuu.

Waliotangulia walianza kustahili Oktoba 2017, na takriban asilimia 99 ya maombi ya mwanzo yalikataliwa. Sababu zilikuwa za kuchosha: mkopo ulikuwa wa aina ya zamani iliyopitia benki, mpango wa marejesho haukuwa ule unaotakiwa, au kampuni ya kukusanya ilihesabu vibaya. Wapo waliolipa kwa uaminifu miaka kumi wakaambiwa hakuna hata mwezi mmoja uliohesabiwa. Kuanzia Oktoba 2021 Wizara ililegeza masharti kwa mwaka mmoja na kuhesabu upya, na kufikia mwisho wa utawala wa Biden zaidi ya watumishi milioni 1 walikuwa wamefutiwa madeni.

5. Inawezekanaje mtu alipe miaka kumi na deni liongezeke?

Inawezekana pale marejesho yanapopangwa kwa kipato huku riba ikiendelea kuhesabiwa kwa deni lote. Chukua deni la dola 30,000 kwa riba ya asilimia 6.8, kiwango kilichotumika kwa mikopo mingi ya shahada ya kwanza kati ya mwaka 2006 na 2013. Riba ya mwaka ni dola 2,040, sawa na dola 170 kwa mwezi. Ikiwa kipato cha mdaiwa kinamruhusu kulipa dola 100 tu kwa mwezi, dola 70 hubaki zikirundikana kila mwezi, na baada ya miaka kumi atakuwa amelipa dola 12,000 na bado anadaiwa takriban dola 38,400.

Mpango ulitarajia kwamba salio litafutwa mwaka wa 20 au 25, hivyo kukua kwa deni kungekuwa namba za karatasini. Lakini kwa sababu ya makosa ya kuhesabu, kama yale ya swali la 4, kwa miaka mingi karibu hakuna aliyefutiwa kwa njia hii.

## Jaribio la Biden na Mahakama ya Juu

6. Biden aliahidi nini?

Tarehe 24 Agosti 2022 alitangaza kufuta hadi dola 10,000 kwa mkopaji mwenye kipato cha chini ya dola 125,000 kwa mwaka, au chini ya dola 250,000 kwa wanandoa, na hadi dola 20,000 kwa aliyewahi kupata ruzuku ya Pell, ambayo hutolewa kwa wanafunzi wa familia maskini. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria gharama kuwa takriban dola bilioni 400. Watu milioni 26 waliomba au walikuwa tayari kwenye orodha ya wanaostahili, na maombi ya milioni 16 yalikwisha kuidhinishwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefutiwa kwa mpango huo.

7. Kwa nini Mahakama ya Juu iliuzuia?

Serikali ilitegemea Sheria ya HEROES ya mwaka 2003, iliyotungwa kwa kuwafikiria wanajeshi waliokuwa vitani, ambayo humruhusu Waziri wa Elimu kuondoa au kurekebisha masharti ya mikopo wakati wa dharura ya kitaifa. Dharura iliyotajwa ilikuwa UVIKO-19. Majimbo sita, yakiwemo Nebraska na Missouri, yalifungua kesi, na tarehe 30 Juni 2023 Mahakama iliamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba ruhusa ya kurekebisha si ruhusa ya kubuni mpango mpya wa mabilioni. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba jambo la uzito huo linahitaji idhini ya Bunge iliyo wazi, na kwa kebehi isiyofichika alimnukuu Nancy Pelosi, Spika wa chama cha Biden mwenyewe, aliyewahi kusema mwaka 2021 kwamba Rais hana mamlaka hayo.

Jaji Elena Kagan alipinga, akisema majimbo hayo hayakuwa na dhara lolote la kuyapa haki ya kushtaki. Hapo ndipo penye utata mkubwa zaidi wa kesi hii. Missouri ilikubaliwa mahakamani kwa sababu MOHELA, ambayo ni chombo cha jimbo hilo, ingepoteza ada za takriban dola milioni 44 kwa mwaka, ilhali MOHELA yenyewe haikushtaki.

8. Kama alishindwa mahakamani, mbona inasemwa aliwafutia watu milioni 5?

Alifanya hivyo kupitia njia za zamani zilizoelezwa katika swali la 3, kwa kurekebisha hesabu na kulegeza masharti. Hadi Januari 2025 jumla ilizidi dola bilioni 180 kwa wakopaji zaidi ya milioni 5: watumishi wa umma, watu zaidi ya milioni 1.4 waliokuwa wamelipa kwa zaidi ya miaka 20 bila kuhesabiwa, walemavu, na waliolaghaiwa na vyuo. Jaribio la pili la kufuta kwa upana, lililotegemea Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965, lilisimamishwa mahakamani na kuondolewa Desemba 2024.

Inafaa kuliangalia hili kwa makini. Mpango uliotangazwa kwa kishindo haukumfutia mtu hata dola moja. Kazi ya makaratasi iliyofanywa kimya ndiyo iliyozaa matunda. Wafuasi wa msamaha wa jumla mara nyingi hutaja mabilioni hayo kama ushindi wa hoja yao, ilhali kwa kweli ni ushahidi kwamba sheria zilizokuwepo zilikuwa hazitekelezwi.

9. Mpango wa SAVE ulikuwa nini?

Ulikuwa mpango wa marejesho kwa kipato uliozinduliwa mwaka 2023. Ulipunguza sana makato, ukazuia riba isiyolipwa kuongeza deni, na ukaahidi msamaha wa mapema kwa waliokopa kidogo. Mahakama ya Rufani ya eneo la nane iliuzuia Julai 2024, na mamilioni ya watu wakawekwa katika hali ya kutolipa na kutohesabiwa. Sheria ya mwaka 2025 imeufutilia mbali. Angalia swali la 14.

## Hoja zinazogongana

10. Je, si dhuluma kwa waliokwisha kulipa, na kwa wasiosoma chuo kabisa?

Hili ndilo pingamizi lenye nguvu zaidi kwa wananchi wa kawaida, na huwa halijibiwi vizuri. Kwa waliokwisha kulipa, jibu la kawaida ni kwamba kila nafuu mpya huwaacha nje waliotangulia, na tusingekataa kumtibu mgonjwa wa leo kwa sababu wa jana alikufa. Jibu hilo lina ukweli, lakini halimgusi dereva wa lori ambaye hakwenda chuo na ambaye kodi yake ingetumika kulipa sehemu ya deni la mtu mwenye shahada. Wengi wenye shahada, ingawa si wote, humzidi kipato maishani.

Jibu bora zaidi kwa dereva huyo ni kumwonyesha ni nani hasa wanaoshindwa kulipa. Kwa kawaida si mwanasheria mwenye deni la dola 200,000. Ni mtu aliyekopa chini ya dola 10,000, akaacha masomo kabla ya kumaliza, akabaki na deni bila cheti. Huyo na dereva huenda wanaishi mtaa mmoja. Tatizo ni kwamba mpango wa kufuta kwa kiwango sawa huwafikia wote wawili, mwanasheria na aliyeacha masomo, na ndiyo maana wapinzani hawakukosa la kusema.

11. Kwa nini suala la rangi hutajwa sana?

Kwa sababu familia za Wamarekani Weusi, kwa sababu za kihistoria, zina akiba na mali kidogo za kuwasomesha watoto, kwa hiyo watoto hao hukopa zaidi na hulipa polepole zaidi. Utafiti wa Taasisi ya Brookings wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba miaka minne baada ya shahada ya kwanza, mhitimu Mweusi alikuwa na deni la karibu mara mbili ya mhitimu Mzungu, kwa sehemu kwa sababu ya riba na kwa sehemu kwa kukopa tena kwa masomo ya juu. Wapinzani hawakanushi takwimu hizo. Hoja yao ni kwamba msamaha wa mara moja haugusi chanzo, na kizazi kinachofuata kitaanza pale pale.

12. Je, msamaha utavifanya vyuo vipandishe ada?

Hofu hii ilielezwa mwaka 1987 na William Bennett, Waziri wa Elimu wa Rais Reagan, aliyedai kwamba misaada ya serikali huvipa vyuo kiburi cha kupandisha bei. Ushahidi hautoi jibu moja: vyuo vya biashara vinavyotafuta faida vinaonekana kufanya hivyo, lakini kwa vyuo vya umma kupungua kwa fedha za majimbo kunaeleza mengi zaidi. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo ni vigumu kulikwepa. Mwanafunzi akiamini deni litafutwa, hana sababu ya kujali bei. Na mkopeshaji asipojali bei wala uwezo wa kulipa, anayebaki kujali ni mlipa kodi.

13. Wafanyabiashara walisamehewa mikopo ya UVIKO, kwa nini wanafunzi wasisamehewe? Na kwa nini mdaiwa asijitangaze muflisi tu?

Mikopo ya kulinda mishahara ya mwaka 2020 na 2021 ilifikia takriban dola bilioni 800, na mingi sana ilifutwa. Mwaka 2022 Ikulu ya Marekani iliwataja hadharani wabunge wa Republican waliofaidika nayo huku wakiupinga mpango wa wanafunzi, na kama mkuki wa kisiasa ulipiga pale pale. Kisheria ulinganisho huo ni dhaifu, kwa kuwa Bunge lenyewe liliandika msamaha ndani ya sheria ya mikopo hiyo kabla ya kutolewa.

Ulinganisho wenye nguvu zaidi ni ule wa kufilisika. Mfanyabiashara aliyefilisika anaweza kuondolewa madeni yake na mahakama; mwanafunzi, kwa kawaida, hawezi. Bunge lilianza kuubana mlango huo mwaka 1976, likazidi kuubana mwaka 1998, na mwaka 2005 likaongeza mikopo ya benki. Mdaiwa lazima athibitishe dhiki isiyo ya kawaida, na vipimo vilivyowekwa na mahakama moja ya rufani mwaka 1987 vilikuwa vikali kiasi kwamba wengi hawakujaribu. Novemba 2022 Wizara ya Sheria ilitoa mwongozo wa kurahisisha. Kurudisha haki hii kikamilifu kungewafikia walio taabani bila kumfutia mwenye uwezo, na inashangaza kwamba haijawahi kuwa kitovu cha mjadala.

## Yaliyobadilika tangu 2025

14. Sheria ya Julai 2025 inasemaje?

Sheria iliyotiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 haikufuta wazo la msamaha, bali imelisogeza mbali. Kwa mikopo inayotolewa kuanzia Julai 1, 2026, mpango pekee wa marejesho kwa kipato ni mpya: mkopaji hulipa kati ya asilimia 1 na 10 ya kipato chake, si chini ya dola 10 kwa mwezi, na salio hufutwa baada ya miaka 30. Riba isiyolipwa hufutwa kila mwezi, kwa hiyo ule mkasa wa swali la 5 hautarudi. Hata mpinzani wa sheria hiyo anapaswa kulikubali jambo hili kama nafuu ya kweli.

Sheria hiyo pia imeweka mipaka ya kukopa: dola 100,000 kwa jumla kwa masomo ya uzamili, na dola 200,000 kwa taaluma kama udaktari na sheria. Mzazi hawezi kumkopea mtoto mmoja zaidi ya dola 65,000. Kwa watumishi wa umma mpango wa swali la 4 unaendelea, ingawa serikali imetunga kanuni ya kuwaondoa waajiri inaodai wana malengo kinyume cha sheria, na kanuni hiyo imepingwa mahakamani.

15. Je, deni lililofutwa hutozwa kodi?

Sheria ya mwaka 2021 iliondoa kodi ya serikali kuu kwa msamaha wa aina zote, lakini nafuu hiyo ilikoma Desemba 31, 2025. Kuanzia mwaka 2026 anayefutiwa dola 40,000 baada ya miaka 20 au 25 ya kulipa kwa kipato huhesabiwa kama aliyepata kipato cha dola 40,000, isipokuwa athibitishe kwamba madeni yake yalizidi mali zake. Watumishi wa umma hawatozwi, wala deni linalofutwa kwa kifo au ulemavu wa kudumu.

## Hali za pekee

16. Chuo changu kilifungwa au kilinidanganya. Nina haki gani?

Unaweza kuomba deni lifutwe. Mifano mikubwa ni Corinthian Colleges, mtandao wa vyuo uliosambaratika mwaka 2015, ambapo wanafunzi 560,000 walifutiwa dola bilioni 5.8, na ITT iliyofungwa mwaka 2016. Mwanafunzi akimaliza kozi ile ile katika chuo kingine kwa kuhamisha alama zake, kwa kawaida hupoteza haki ya msamaha unaotokana na kufungwa kwa chuo.

17. Mimi ni mgeni au mkimbizi. Haya yananihusu?

Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo hapati mkopo wa serikali kuu, kwa hiyo hana cha kusamehewa; akikopa, hukopa benki. Mwenye ukazi wa kudumu na mkimbizi aliyepokelewa rasmi hustahili mkopo kama raia. Ndiyo maana familia nyingi za Wakongo waliopewa makazi Marekani zimo ndani ya mjadala huu moja kwa moja.

18. Je, ni sawa na mjadala wa bodi za mikopo ya wanafunzi, HESLB ya Tanzania na HELB ya Kenya?

Unafanana upande mmoja tu. Tanzania na Kenya hazijabishania sana kufuta mkopo wenyewe, bali nyongeza zake. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha madeni ya wanufaika wa HESLB kama ilivyoelezwa katika swali la 5. Makato ya asilimia 15 ya mshahara yalibaki. Nchini Kenya HELB imewahi mara kadhaa kusamehe faini za waliochelewa ili walipe kilichobaki. Kuondoa nyongeza ni hatua ndogo kuliko aliyoijaribu Biden, lakini haikuhitaji Mahakama ya Juu.

19. Mdaiwa akifa, nani analipa?

Mkopo wa serikali hufutwa, na uliochukuliwa na mzazi hufutwa mzazi au mwanafunzi akifa. Mkopo wa benki hutegemea mkataba: kwa ile iliyotolewa tangu Novemba 2018, sheria inailazimu benki kumwachilia mdhamini mwanafunzi anapofariki, kwa ya zamani, mdhamini huenda akadaiwa.

20. Nikirudi Afrika Mashariki moja kwa moja, deni linaisha?

Haliishi. Tangu mwaka 1991 mkopo wa serikali kuu hauna ukomo wa muda wa kudaiwa, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba hata pensheni ya uzeeni inaweza kukatwa kwa deni la miaka mingi. Baada ya siku 270 bila kulipa, mdaiwa huhesabiwa kuwa ameshindwa, na serikali inaweza kuzuia marejesho yake ya kodi na kukata hadi asilimia 15 ya mshahara. Makato hayo hayamfikii mwajiri wa Mombasa au Arusha, lakini riba huendelea.

Wengi hawajui kwamba raia wa Marekani au mwenye ukazi wa kudumu anayefanya kazi nje huendelea kujaza fomu za kodi, na kipato chake cha nje kinaweza kuondolewa katika hesabu mpaka kiwango fulani. Kwa kuwa marejesho kwa kipato hufuata namba ya fomu hiyo, malipo yake yanaweza kuwa sifuri katika mipango ya zamani au dola 10 katika mpango mpya, na mwezi huo huhesabiwa kama umelipwa. Kinachotakiwa ni kujaza fomu kila mwaka na kuthibitisha kipato kabla tarehe haijapita.